Swali Nalo ni Deni

"Hali yako?" anauliza daktari, jicho lake likiwa tayari kwenye karatasi ya maabara.

"Sijambo, daktari."

Kila anayezungumza Kiswahili anajua kwamba "sijambo" si taarifa ya afya. Ni hodi tu. Habari yenyewe hufuata nyuma, ikiongozwa na neno dogo: ila. Sijambo, ila miguu inawaka moto usiku. Sijambo, ila hizi sindano zimenichosha. Kwenye kliniki ya kisukari, ambako daktari ana dakika chache na benchi la nje limejaa, hiyo "ila" mara nyingi haipati nafasi. Mgonjwa huikumbuka ameshashika kitasa cha mlango, au yuko njiani kurudi nyumbani.

Iko njia ya kuitengea nafasi yake: dodoso fupi ambalo mgonjwa hulijaza mwenyewe kabla ya kumwona daktari, kwa karatasi au kwa simu. Linauliza anavyojisikia, anavyolala, kinachomtisha, kinachomchosha, na kama bado anatambua sukari inapoanza kushuka. Watafiti wanayaita majibu hayo matokeo yanayoripotiwa na mgonjwa. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, katika mwongozo wake wa 2009 iliyaeleza kuwa ni taarifa ya hali ya afya inayotoka kwa mgonjwa moja kwa moja, pasipo daktari au mtu mwingine kuitafsiri. Uzito uko mwishoni mwa sentensi hiyo. Daktari anapoandika kwenye faili "mgonjwa hana malalamiko", ameshatafsiri.

Mimi nayaunga mkono madodoso haya, tena sana. Lakini nimeona yanavyosifiwa, na sifa nyingine zinanitia wasiwasi kuliko lawama.

Tuanze na kipimo kinachotawala kliniki, yaani HbA1c. Chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120, na muda wote huo sukari iliyomo kwenye damu inazidi kujishikiza kwenye himoglobini yake. Ukipima kiasi kilichojishikiza, unapata wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Mgonjwa aliyejibana wiki moja kabla ya kliniki hawezi kukidanganya. Na heshima yake hakikupewa bure. Utafiti wa DCCT, uliofuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza nchini Marekani na Kanada na kutangaza matokeo yake 1993, ulionyesha kwamba kuishusha HbA1c hadi karibu asilimia 7, badala ya kuiacha kwenye 9, kulipunguza kwa asilimia 76 hatari ya kupata madhara ya retina kwa wale waliokuwa bado hawana. Macho, figo na neva za watu wengi zimesalimika kwa sababu ya namba hiyo. Anayeidharau hajui anachokisema.

Ila utafiti huohuo ulitoa habari ya pili, ambayo hunukuliwa kwa sauti ya chini zaidi: waliotibiwa kwa nguvu walipata sukari kushuka vibaya, kiasi cha kuhitaji msaada wa mtu mwingine, karibu mara tatu ya wenzao. Na kuna habari ya tatu ambayo haikumbukwi kabisa. Watafiti wa DCCT waliwauliza washiriki, kwa dodoso lililotungwa maalumu, kuhusu ubora wa maisha yao, na kwa ujumla hawakuona tofauti kati ya makundi mawili. Wengi walitarajia kwamba sindano nyingi na kujitoboa kidole kila mara kungewachosha watu. Haikuwa hivyo. Lakini kumbuka walivyohudumiwa: kundi la matibabu ya nguvu lilionana na wataalamu kila mwezi, na katikati ya mwezi lilipigiwa simu mara kwa mara. Kuna mtu aliyekuwa akiwasikiliza. Tumeichukua dawa ya DCCT na shabaha yake, ule usikivu tumeuacha hukohuko kwenye utafiti.

Chukua watu wawili ambao HbA1c yao ni asilimia 7.1. Daktari atawapongeza wote kwa maneno yaleyale. Wa kwanza amezoea dozi zake, anafanya kazi, analala. Wa pili anaamka saa tisa usiku ametota jasho, anakula asichokitaka ili asizimie, asubuhi sukari iko juu, anaishusha, na jioni mzunguko unaanza upya. Vilele na mabonde vimefutana, kikabaki kiwastani kizuri. Mwenzake akimuuliza anaendeleaje, anasema sijambo, na karatasi ya maabara inamuunga mkono.

Mtu atasema: hayo yalikuwa ya zamani, leo kuna vifaa vya kubandika kwenye ngozi vinavyopima sukari mchana na usiku, na daktari anaiona michoro yote. Kweli, na ni hatua kubwa. Lakini kifaa kitakuonyesha kwamba sukari ilishuka hadi 50 mg/dL saa tisa usiku, hakitakuonyesha kama mwenye nayo alihisi chochote. Hakitakwambia kwamba amezima kengele kwa sababu ilikuwa inamwamsha mkewe, au kwamba kila jioni anapunguza dozi kwa makusudi kwa hofu ya kufa usingizini. Hayo hayamo kwenye mchoro. Yamo kwa mtu.

Hapa ndipo lilipo swali ninalolipenda kuliko yote katika eneo hili. Linaitwa kipimo cha Gold, lilichapishwa 1994, na ni swali moja tu: je, unajua sukari yako inapoanza kushuka? Mgonjwa anachagua kuanzia 1, yaani najua kila mara, hadi 7, yaani sijui kamwe. Akijibu 4 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa kwamba mwili wake umepoteza onyo: hatetemeki, haloi jasho, moyo hauendi mbio, anachanganyikiwa tu, kisha anaanguka. Karibu robo ya watu wazima wenye kisukari cha aina ya kwanza wako katika hali hii, na hatari yao ya kuzimia ni kubwa mara kadhaa kuliko ya wenzao. Jibu linaweza kubadili matibabu siku hiyohiyo: shabaha ya sukari inalegezwa kidogo, aina ya insulini inaangaliwa upya, watu wa nyumbani wanafundishwa cha kufanya, kazi ya udereva inazungumzwa. Swali moja, sekunde kumi. Sioni udhuru wa kliniki yoyote inayotoa insulini kutoliuliza.

Baada ya hapo mambo yanakuwa magumu zaidi.

Dodoso linalojulikana zaidi kwa upande wa hisia ni PAID, lililotungwa na William Polonsky na wenzake 1995. Lina vipengele 20 kuhusu mizigo ya kuishi na kisukari: kujilaumu unapoteleza, hofu ya madhara ya baadaye, kuona kisukari kinakula nguvu zako kila siku, kuhisi uko peke yako. Kila kimoja kinapewa alama kuanzia 0 hadi 4, jumla inazidishwa ili ya juu kabisa iwe 100, na mwenye 40 au zaidi anahesabiwa kuwa amelemewa. Kuna hata kipengele kinachouliza kama hauridhiki na daktari wako wa kisukari, na ningependa sana kujua ni wangapi hukijibu kwa ukweli huku daktari mwenyewe akiwa ndiye anayesubiri karatasi.

Kulemewa huku si sonona. Mtu anaweza kuwa mchangamfu kazini na nyumbani, akacheka na kupanga mipango, ila kisukari chenyewe kimemchosha kiasi kwamba hataki kukiona kifaa cha kupimia. Ukimpa dawa za sonona umekosea mlango. Ndiyo maana dodoso la jumla la afya ya akili halitoshi hapa, na mengine yanapotosha: uchovu, usingizi mbaya na hamu ya kula kubadilika ni dalili za sonona, na pia ni dalili za sukari kuwa juu.

Mwaka 2020 jopo la kimataifa lililoratibiwa na ICHOM, muungano unaopanga vipimo vya matokeo ya matibabu, lilipendekeza kliniki zitumie madodoso matatu kwa pamoja: WHO-5 ya ustawi wa nafsi, PAID, na PHQ-9 ya sonona. Hesabu mwenyewe: 5, 20 na 9. Maswali 34. Nani atayasoma majibu 34 katika dakika alizonazo? Hakuna, na kwa hiyo kompyuta itayajumlisha. Daktari ataona namba tatu, moja ya kijani, moja ya njano, moja nyekundu. Mgonjwa mwenye PAID ya 30 ataonekana yuko salama, ingawa ndani ya 30 ile kuna kipengele kimoja alichokipa alama 4, hofu ya sukari kushuka, na hicho ndicho kinachomfanya aruke insulini ya jioni. Tulitaka dodoso lisiwe HbA1c nyingine, na tazama, tumeruka majivu tukakanyaga moto. Wastani mmoja umepata mwenzake.

Jumla ya alama inamfaa mtafiti anayelinganisha makundi. Aliyekaa mbele ya mgonjwa mmoja anahitaji jibu moja moja, hasa lile lililokwenda mbali kuliko mengine. Kliniki ikiniambia haina muda wa kusoma vipengele 20, nitaiambia itumie vitano. PAID ina toleo fupi la vitano linalofanya kazi ya kuchuja vizuri. Vitano vilivyosomwa vyote ni bora kuliko 34 vilivyojumlishwa.

Je, kuuliza kunasaidia? Hapa wapenzi wa madodoso huanza kukohoa. Jaribio la Frans Pouwer na wenzake nchini Uholanzi, lililochapishwa 2001, lilihusisha wagonjwa wa nje 461. Kundi moja lilijaza dodoso la ustawi na kuzungumza majibu yake na muuguzi wa kisukari. Kundi jingine lilipata huduma ya kawaida. Baada ya mwaka, hali ya kihisia ya kundi la kwanza ilikuwa nzuri zaidi. HbA1c haikutofautiana. Kwa wengine hiyo ni hukumu: sukari haikushuka, kwa hiyo muda umepotea. Nashangazwa na hoja hiyo kila ninapoisikia. Ni kama kumpa mtu miwani kisha ukalalamika kwamba hasikii vizuri. Kilichotibiwa kilikuwa ustawi, na ustawi ulipanda.

Wapinzani wana hoja nzito kuliko hiyo, sema hawaitumii. Uholanzi hiyohiyo, Maartje de Wit na wenzake waliwafuatilia vijana wenye kisukari kwa namna kama hiyo: dodoso, kisha mazungumzo na daktari wao juu ya majibu. Ustawi wao ulipanda. Utaratibu ulipokoma, mwaka mmoja baadaye faida ilikuwa imeyeyuka. Ninavyousoma mimi, dodoso halikuwa dawa hata siku moja. Dawa ilikuwa yale mazungumzo, na mazungumzo hayawekwi akiba.

Na wale wanaoleta mfano wa saratani wapunguze mwendo. Ni kweli kwamba utafiti wa Ethan Basch na wenzake, uliohusisha wagonjwa 766 wa saratani iliyosambaa, ulionyesha kuwa waliokuwa wakiripoti dalili zao kwa kompyuta waliishi muda wa kati (median) wa miezi 31.2, dhidi ya 26.0 ya wenzao. Ni matokeo makubwa. Lakini pale mgonjwa alipoandika kwamba dalili imezidi, muuguzi alipata taarifa papo hapo na akachukua hatua, na dalili zenyewe, kutapika, maumivu, kushindwa kupumua, zina tiba inayojulikana. Uchovu wa miaka kumi na tano ya kuhesabu kila tonge hauna kidonge. Hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba dodoso la kisukari linaongeza miaka ya kuishi, na anayeliuza kwa ahadi hiyo anauza kitu kingine.

Waswahili walisema ahadi ni deni. Kliniki ingeandika juu ya kila dodoso kwamba swali nalo ni deni. Ukimuuliza mtu kama analemewa, umempa sababu ya kutarajia kwamba jibu lake litasomwa leo, na mtu mwenye uso. Akijaza karatasi na daktari asiitaje, amejifunza kitu: kwamba hata akisema, haisikiki. Safari ijayo atazungushia sifuri toka juu hadi chini amalize haraka. Kabla ya dodoso alikuwa na tumaini kwamba siku akiulizwa atasema. Sasa ameulizwa.

Deni hili lina sehemu yake ya kutisha. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba afadhali afe, au ya kujidhuru. Fikiria mtu amejibu "karibu kila siku" kwa simu, usiku wa Jumapili, na mfumo umepangwa kuonyesha majibu siku ya kliniki, wiki mbili mbele. Nani anabeba dhamana kwa siku hizo kumi na nne? Swali hilo lilipaswa kujibiwa kabla ya fomu ya kwanza kutumwa: nani anaona, saa ngapi, anampigia nani, anampeleka wapi. Kliniki isiyo na majibu hayo na ianze na WHO-5, ambayo inauliza tu ni kwa kiasi gani cha muda katika wiki mbili zilizopita umekuwa mchangamfu, mtulivu, mwenye nguvu, uliyeamka umepumzika, na maisha yako yakiwa na mambo yanayokuvutia. Alama zikiwa chini, unamuuliza kwa mdomo, mlango umefungwa. Kuogopa kuuliza usichoweza kukishughulikia si uoga wa kulaumiwa. Ni hesabu.

Kuna jambo jingine ambalo mameneja wa afya hulikosea kwa nia njema. Uingereza, kuanzia Aprili 2009, hospitali za umma zilianza kuwapa wagonjwa wa upasuaji madodoso, wakiwemo wa nyonga na goti: unajaza kabla, unajaza miezi kadhaa baadaye, na tofauti inaonyesha kama upasuaji ulisaidia. Ni mpango wenye mantiki, kwa sababu goti lina kabla na lina baada. Kisukari hakina baada. Mtu anahojiwa mwaka wa tatu, wa tisa, wa ishirini na mbili, na alama zake hupanda na kushuka kwa sababu ya talaka, mtihani, mimba, kazi mpya, mfungo. Ukizichukua alama hizo uzipange kliniki kwa daraja, au uzifunge kwenye malipo, hutachelewa kuona matokeo: kliniki zitajifunza kupokea wagonjwa wenye furaha. Nani atamkaribisha aliyekata tamaa, kama karatasi yake inashusha daraja?

Matumizi ninayoyaona yana akili zaidi yametoka Denmark. Katika jaribio lililoitwa DiabetesFlex, watu wazima wenye kisukari cha aina ya kwanza walijaza dodoso wakiwa nyumbani kabla ya tarehe ya kliniki, kisha wakachagua: nije, nipigiwe simu, au safari hii hapana, isipokuwa ile ziara moja ya mwaka. Ziara zilipungua bila HbA1c kuharibika. Mwenye kuendelea vizuri hakupoteza nusu siku ili aambiwe anaendelea vizuri, na nafasi yake ikabaki kwa mwenye shida. Dodoso limeacha kuwa mzigo juu ya ziara, limekuwa njia ya kuamua kama ziara inahitajika.

Hata hapo nina tahadhari. Mpango wa namna hii unamfaa anayejaza. Je, asiyejaza? Mara nyingi ndiye yule aliyechoka kuliko wote, aliyeacha kupima, anayeona aibu. Kimya chake kisihesabiwe kuwa "sijambo". Kwenye kliniki yenye akili, fomu tupu ingekuwa taa nyekundu ya kwanza, na mtu angepiga simu.

Niseme na sisi watumiaji wa Kiswahili, maana madodoso haya yote yalizaliwa kwenye lugha nyingine. Kulitafsiri si kazi ya alasiri moja. Mtafsiri hugeuza, mwingine hurudisha kwenye lugha ya asili ili kuona kilichopotea, kisha wagonjwa halisi wanaombwa kueleza kwa maneno yao walichoelewa. Hatua ya mwisho ndiyo hurukwa, na ndiyo muhimu. Mzigo wa kisukari tuuite nini? Ukisema "dhiki", wengi watafikiri unauliza kuhusu pesa. "Msongo" ni neno la semina. "Kulemewa" linakaribia, "kuchoshwa na kisukari" linakaribia zaidi, lakini "kuchoka" tu kutaeleweka kuwa ni mwili. Hata ngazi za majibu zina mitego: kati ya "mara chache" na "mara nyingine", ipi iko juu? Waulize watu watano.

Na kuna anayejaza kwa niaba. Mzee haoni vizuri, mwanawe anamsomea na kuzungushia. Swali likiuliza kama watu wa nyumbani wanamwelewa, atajibu nini, na mwanawe ndiye ameshika kalamu? Likifika kwenye nguvu za kiume, ambazo kisukari huziathiri mara nyingi, karatasi itasema hakuna tatizo, na itakuwa imesema uongo kwa heshima. Sauti iliyorekodiwa, inayosikilizwa kwa spika za masikioni na kujibiwa kwa kubonyeza, inaweza kumpa mzee huyo faragha aliyonyimwa na macho yake.

Ningepewa kliniki moja na mwaka mmoja, ningeanza na maswali saba: matano ya PAID fupi, lile la Gold kwa kila anayetumia insulini, na la mwisho lisilo na alama, "Leo ungependa tuzungumze nini?", likifuatwa na mistari miwili mitupu. Muuguzi ayasome kabla mgonjwa hajaitwa. Na kompyuta ya daktari ipangwe ili ukurasa wa kwanza kufunguka uwe huo wenye mistari miwili, HbA1c ifuate kwenye ukurasa wa pili.